Dola ya 1804 aliyopelekewa Seyyid Said, na ile iliyomo kwenye kijaluba cha bibi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Bibi yetu alifariki mwaka jana hapa Unguja, akaacha kijaluba chenye sarafu tatu. Ya kwanza ina kichwa cha mwanamke mwenye nywele zinazoteremka, neno LIBERTY na mwaka 1804. Nyuma ina tai. Sonara ameipima, gramu 22. Ukingo wake una meno meno, na sumaku inaivuta. Ya pili ina mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, mwaka 1780. Ya tatu ni Kiarabu kitupu, nasoma 1299. Mjomba anasema Wamarekani walimzawadia Sultani dola ya 1804, na kwamba dola hiyo imeuzwa kwa mamilioni. Je, yaweza kuwa ndiyo hii? Na kwa nini dola hizo za kale zina thamani kubwa hivyo?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na bibi.

Nianze na lile ambalo nyumba nzima inalingoja. Sarafu hiyo ya 1804 si ile ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja, wala si dola ya kweli ya zama zile. Ushahidi wote umeniandikia wewe mwenyewe. Dola ya Marekani ya wakati ule ilikuwa ya fedha, na kwa sheria ilitakiwa iwe na uzito wa gramu 26.96. Ikipita mikononi miaka mingi hulika kidogo, lakini haifiki 22. Fedha haivutwi na sumaku. Na ukingo wake haukuwa na meno. Ulizungushiwa maneno: HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, yaani senti mia, dola moja. Anayeghushi hutazama picha ya kichwa na picha ya tai, na ukingo hauonekani pichani, kwa hiyo hapo ndipo anaponaswa. Sarafu za namna hii hufuliwa kwa wingi nchini China na kuuzwa dunia nzima, nyingine kwa nia ya kudanganya, nyingine kama pambo tu. Bibi hakukosea kuiweka. Aliyempa huenda naye alidhani ni kitu cha maana.

Lakini mjomba hakuzua. Wamarekani kweli walimpelekea Seyyid Said bin Sultan dola yenye mwaka 1804, na dola inayosadikiwa kuwa ndiyo hiyo imeuzwa kwa mamilioni. Tena kisa chake kinajibu swali lako la pili vizuri kuliko kisa kingine chochote, kwa sababu sarafu hiyo haikufuliwa mwaka 1804.

Turudi nyuma kidogo. Marekani ilipopata uhuru haikuwa na sarafu zake. Watu walitumia reale za Kihispania, sarafu kubwa za fedha zilizokuwa zikitoka Mexico na Peru kwa mamilioni. Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha sarafu cha Philadelphia na dola iliyopimwa kwa mfano wa reale hiyo. Hata hivyo dola ya kwanza haikutoka mpaka Oktoba 1794. Kikwazo kimoja kilikuwa dhamana. Sheria ilimtaka mfua sarafu mkuu na mpima madini kila mmoja aweke dhamana ya dola 10,000 kabla ya kugusa dhahabu au fedha, na hawakuwa na uwezo huo. Bunge likalazimika kuipunguza.

Tarehe 15 Oktoba 1794 zikakabidhiwa dola 1,758. Basi, hizo tu kwa mwaka mzima. Mashine iliyokuwapo ilikuwa ndogo kwa kazi hiyo, haikuwa na nguvu ya kugonga kisahani kipana cha fedha michoro ikatokea sawasawa. Ndiyo maana dola nyingi za 1794 zimefifia upande wa kushoto, nyota na tarakimu zikiwa hafifu tangu siku ya kwanza. Asiyejua husema sarafu imechakaa, kumbe ndivyo ilivyozaliwa. Gazeti moja la New Hampshire liliziona mwaka huo huo likasema kazi ni nzuri kwa mjuzi, ila michoro ni myepesi mno kustahimili mzunguko wa sokoni. Nadhani lilisema kweli. Katika zile 1,758 zimebaki kama 140 hivi, nyingine zimetobolewa, nyingine zimesuguliwa zikabaki laini.

Zilizobaki zikiwa safi ni chache sana, na moja imekuwa mashuhuri. Katikati yake ina kizibo kidogo cha fedha. Mafundi walikuta kisahani ni chepesi, wakakitoboa na kukijaza fedha ili uzito utimie, halafu wakakigonga. Wapo wataalamu wanaoamini kuwa ndiyo dola ya kwanza kabisa kugongwa. Januari 2013 iliuzwa mnadani New York kwa dola 10,016,875, na wakati huo hakuna sarafu yoyote duniani iliyokuwa imefika bei hiyo mnadani.

Mwaka 1795 ikaja mashine kubwa, na kazi ikachangamka. Mwishoni mwa mwaka huo picha ya mwanamke mwenye nywele zilizotawanyika ikaondolewa, akaletwa mwingine aliyefunga utepe na kujitanda nguo mabegani. Huyo ndiye aliye kwenye sarafu yako ya kuiga. Tai naye alikuwa mdogo na mwembamba hadi 1798, kisha akaja tai mkubwa mwenye ngao kifuani. Idadi zilipanda na kushuka: 7,776 mwaka 1797, halafu 423,515 mwaka 1799.

Hapa nakuomba usome polepole, maana wakusanyaji wengi wachanga hujikwaa. Ukiona idadi ile ya 7,776 utadhani dola zenye mwaka 1797 ni adimu kama lulu. Sivyo. Zipo nyingi kuliko unavyotarajia. Chapa za chuma, yaani mihuri ya kugongea sarafu, zilikuwa ghali na ngumu kuchonga, kwa hiyo mafundi hawakuzitupa mwaka ulipokwisha. Walizitumia mpaka zikapasuka. Dola iliyogongwa mwaka mmoja iliweza kubeba mwaka uliopita, na daftari la kiwanda liliandika zilizotoka mwaka ule, bila kujali tarakimu iliyo juu ya sarafu. Mwaka wa daftari na mwaka wa sarafu ni vitu viwili. Shika hilo, kwani ndilo lililozaa dola ya 1804.

Dola hizo zilikuwa na ugonjwa mmoja. Zilikuwa na fedha kidogo pungufu kuliko reale ya Kihispania, lakini visiwani Karibi zilipokewa moja kwa moja. Wafanyabiashara wakaona njia. Unapeleka dola mpya za Philadelphia, unarudi na reale nzito, unazipeleka kiwandani zikafuliwe dola bure, unaondoka tena na faida. Kiwanda cha serikali kikawa kinawafanyia kazi walanguzi. Nyingine zikaenda China kulipia chai, zikayeyushwa huko. Nyumbani zilibaki chache. Mwaka 1804 dola 19,570 za mwisho zikakabidhiwa, kazi ikasimama, na mwaka 1806 serikali ya Rais Jefferson ikaamuru rasmi zisifuliwe tena. Katika hizo 19,570, chapa zilizotumika zilikuwa za 1803 na nyuma ya hapo. Kwa hiyo mwaka 1804 wenyewe haukuwa na dola hata moja iliyoandikwa 1804.

Sasa tuje kwetu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, jina lake Edmund Roberts. Alifika Unguja mwaka 1827 na 1828, akaonana na Seyyid Said, na Seyyid akamweleza kuwa anataka Wamarekani waje kufanya biashara kwa mkataba kama mataifa mengine. Roberts akarudi kwao, akawafikia wakubwa, na Rais Andrew Jackson akamtuma kama mjumbe. Mkataba ukatiwa saini Maskati tarehe 21 Septemba 1833. Wamarekani wakapata ruhusa ya kuuza na kununua katika milki yote ya Seyyid kwa ushuru wa asilimia tano.

Safari ya pili ilihitaji zawadi. Novemba 1834 serikali ikaagiza Philadelphia itengeneze seti kamili za sarafu za Marekani, moja ya kila aina, ziwekwe kwenye visanduku vya kifahari. Mafundi wakakwama kwenye dola. Ilikuwa sarafu halali ya nchi, lakini haikufuliwa kwa miaka thelathini. Wakafungua daftari, wakaona dola za mwisho ni za 1804, wakachonga chapa zenye mwaka huo. Hawakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Walitaka mgeni wa heshima apewe sarafu nzuri yenye mwaka wa mwisho wa dola, na hawakujua kuwa zile za 1804 zilibeba mwaka mwingine.

Meli ya kivita Peacock ikabeba seti hizo. Ilipita Unguja mapema Septemba 1835, ikaelekea Oman, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Roberts akachukua mashua ndogo kwenda Maskati kuomba msaada. Mapema Oktoba zawadi ikawa mkononi mwa Seyyid. Seti nyingine ilimfikia mfalme wa Siam (Thailand ya leo) mwaka 1836. Roberts akafa Macao mwaka huo huo kabla ya kumaliza safari, na zilizobaki zikarudi Marekani. Seyyid naye alijibu kwa heshima yake: mwaka 1840 jahazi lake Sultana liliingia New York chini ya Ahmad bin Na'aman. Picha ya nahodha huyo iliyochorwa huko ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Salem, Massachusetts.

Salem ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea kitambaa cha merikani. Mabaharia wake walijaa Unguja wakinunua pembe, karafuu na sandarusi. Na huko Salem alikaa Matthew Stickney, mmoja wa wakusanyaji wa mwanzo kabisa wa Marekani. Mwaka 1843 alikwenda Philadelphia na sarafu ya dhahabu adimu, akabadilishana na kiwanda akapewa dola ya 1804, moja ya zile za ziada zilizobaki pale. Kwa miaka mingi aliamini, na dunia ikaamini pamoja naye, kwamba ameshika dola iliyofuliwa mwaka 1804. Sifa ya sarafu hiyo ilianzia kwenye imani hiyo.

Mwaka 1857 ndio uliogeuza ukusanyaji kuwa shauku ya watu wengi. Bunge liliondoa senti kubwa ya shaba na kufuta uhalali wa reale za Kihispania, na watu wakaanza kuzitafuta senti za utotoni mwao kabla hazijapotea. Mwaka uliofuata vyama vya wakusanyaji vikaundwa New York na Philadelphia. Bei zikapanda, na tamaa nayo ikaingia kiwandani kwa mlango wa nyuma. Kati ya 1858 na miaka iliyofuata, baadhi ya watumishi walichonga chapa mpya ya upande wa tai, wakagonga dola nyingine za 1804 kwa siri na kuziuza. Kashfa ikazuka, baadhi zikarudishwa. Moja waliyogonga mwanzo ilitengenezwa juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, na chembe za sarafu hiyo ya Uswisi bado zinaonekana juu yake. Hiyo iko katika makumbusho ya Smithsonian, mjini Washington.

Kwa hiyo wataalamu huzigawa mafungu matatu: za zawadi za 1834 na muda mfupi baadaye, ambazo zinajulikana nane, ile moja ya Uswisi, na zile za siri. Kwa miongo mingi vitabu vilihesabu jumla 15. Ukweli wote haukuwekwa wazi mpaka 1962, watafiti wa sarafu Eric Newman na Kenneth Bressett walipochambua chapa na nyaraka moja moja. Kabla ya hapo watu walishuhudia kwa viapo, walitoa barua, walisimulia kuwa dola zao zilitoka kwa babu fulani aliyezipata sokoni mwaka 1804. Viapo hivyo vyote vilikuwa vya uongo au vya kukosea. Mwaka huo huo wa 1962 seti ya mfalme wa Siam ikaonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza, dola ya 1804 ikiwa ndani yake, ikathibitisha kuwa kweli zilikuwa zawadi.

Utaniuliza, basi mbona hazikushuka bei? Hazikushuka kwa sababu kila moja ina jina na safari yake. Moja iliuzwa Berlin mwaka 1884, mwaka uliofuata ikanunuliwa na tajiri wa Denver, James Dexter, kwa dola 1,000, naye akagonga herufi ndogo D kwenye wingu lililo juu ya tai. Sarafu nyingine ikikwaruzwa hivyo huharibika. Ile inaitwa hadi leo kwa jina lake. Mkusanyaji wa dola ya 1804 ananunua pia orodha ya watu walioishika kabla yake.

Ile ya Seyyid inaanza kuonekana kwenye karatasi huko Liverpool, kwa mkusanyaji Charles Watters, na kuuzwa London mwaka 1917. Ikavuka bahari, ikakaa Chicago kwa familia ya Childs, ikauzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14. Agosti 2021 ikauzwa tena, milioni 7.68. Kati ya Maskati na Liverpool hakuna hati, ndiyo maana mtu mwangalifu husema "inasadikiwa". Lakini hali yake inazungumza. Imepewa daraja 68 kati ya 70, juu kuliko dola zote za 1804 zinazojulikana. Haijawahi kuingia mfukoni wala kulipia kitu. Ilikaa sandukuni kama zawadi inavyokaa, na mimi naamini ndiyo yenyewe.

Ukiniuliza mimi ipi bora, nitachagua ile ya 1794 iliyofifia kushoto. Ile ilitoka kwenda kununua mkate. Ya 1804 ina hadithi tamu zaidi, ya 1794 ina kazi iliyofanywa, na kwangu kazi inazidi. Wengi katika fani hii hawakubaliani nami.

Sasa kijaluba. Ya pili, mwanamke wa ushungi, ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Hii ndiyo reale waliyoihesabu wazee wetu kabla ya rupia. Nayo inakurudisha kwenye somo lile lile: mwaka wake ni 1780 daima, hata iliyofuliwa karne ya ishirini. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani hii walikataa reale yenye sura au mwaka mwingine, basi Vienna, na baadaye Rome, London, Brussels, Bombay na kwingineko, wakaendelea kugonga ile ile. Ipime. Ikiwa na gramu 28 na ukingoni mna maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA, ni fedha halisi. Bei yake kwa kawaida ni ya kiasi tu, inakaribia thamani ya fedha iliyomo. Kama ina alama ya kiungo cha mkufu, usimwache sonara aikwangue. Hiyo ni alama ya shingo ya mtu wa kwenu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara mbili. Mwaka 1299 wa Hijria unaangukia 1881 na 1882, na mwaka huo Seyyid Barghash alitoa riale ya fedha ya Zanzibar yenye jina lake. Barghash ni mtoto wa Seyyid Said, yule yule aliyepelekewa dola. Riale hiyo ni adimu na inatafutwa sana na wakusanyaji wa sarafu za Afrika na za Kiislamu. Nayo huigwa, kwa hiyo sikupi uhakika bila kuiona, lakini katika sarafu zenu tatu hiyo ndiyo ya kuilinda kwanza.

Tafadhali usiisafishe. Nilipokuwa kijana nilisugua reale ya mama kwa ndimu na jivu, ikang'aa kama sufuria mpya, na tangu siku ile haikuwa na thamani zaidi ya uzito wake. Weusi ule wa fedha ni ngozi ya sarafu. Iweke kwenye karatasi kavu isiyo na tindikali, mbali na mfuko wa plastiki unaonata, na uishike kwa ukingo. Usimpe mtu aende nayo "kuionyesha". Kisha kaa na mama na mjomba, mwandike bibi aliipata kwa nani, lini, na ilikaa wapi, hata kama ni jina moja tu mnalolikumbuka.

Nitumie picha nne: pande zote mbili, ukingo, na sarafu ikiwa juu ya mizani ya sonara, tarakimu za gramu zisomeke. Jina la Barghash nataka nilione herufi kwa herufi.